Hadithi Iliyompeleka Baba Kivinje

Baba yangu alikuwa mtu wa maneno mengi, na nasema hivyo nikiwa nampenda. Kisiwa chetu cha Kilwa kilikuwa kimebakiwa na nyumba chache za makuti, lakini magofu yalikuwa tele, na mgeni yeyote aliyeshuka akitaka kuyaona aliletwa moja kwa moja mlangoni kwetu. Hakuna aliyemteua baba kwa kazi hiyo. Babu alitembeza wageni, na baba yake babu vilevile, naye akaikuta kazi nyumbani pamoja na kinu na mchi. Wageni wengine walimwachia sukari au kipande cha kitambaa cha bafta. Wengi walimwachia asante tu, na asante hiyo ilimtosha yeye kuliko ilivyomtosha mama.

Mimi mwaka ule nilikuwa nimeachika. Mume wangu wa kwanza, mtu wa Lindi, alisema sina adabu ya ulimi, nami nikamwambia yeye hana adabu ya mkono, basi nikarudi kwetu na kitanda changu. Nilishinda barazani nikisuka ukili wa mikeka, na kwa kuwa kila mgeni alipitia pale, nilikuwa nimeyasikia maelezo ya baba mpaka ningeweza kuyasema usingizini. Nilijua vizuri kila mahali alipotia chumvi.

Alianzia msikiti mkubwa. Alimsimamisha mgeni chini ya kuba, akamwambia atamke jina la Mwenyezi Mungu kwa sauti ya chini, asikie jinsi ukuta unavyolipokea. Hapo hakukuwa na chumvi, mtu husikia kweli. Kisha alimpeleka Husuni, jumba la masultani juu ya genge la bahari, lenye birika la pembe nane. Birika hilo ndilo lililokuwa likimharibu. Mgeni Mwarabu aliambiwa lilijazwa maji ya waridi ili wake za sultani waoge. Mhindi aliambiwa lilikuwa mahali pa kuoshea dhahabu ya Sofala. Siku moja nilimsikia akimwambia nahodha wa Kingazija kwamba sultani alifugia kasa humo, kwa sababu nahodha yule alionekana mpenda kula. Nilipomuuliza lipi ni la kweli, alinijibu kwamba birika lipo, na hilo ni la kweli.

Mgeni akiwa bado ana miguu, walivuka kwenda Songo Mnara. Huko kuna mji mzima umesimama bila watu, milango ya mawe imepinda juu kama nyusi, na mikoko imeuzunguka. Baba alisema wenyewe waliondoka asubuhi moja wakaacha nafaka kinuni. Ukiniuliza mimi, Songo Mnara ndiko kwa kwenda kuliko Husuni, ila usiende peke yako, na usikae mpaka jua linapinda. Sitoi sababu. Nilikwenda mara mbili na zote mbili nilirudi nikiwa na hasira ambayo sikujua namkasirikia nani.

Hadithi kubwa aliiweka mwisho. Aliwakalisha wageni ufukweni, wakielekea bara, akawaonyesha mkondo wa maji kati yetu na ng'ambo. Zamani, alisema, maji yakipwa ungetembea kwa miguu kutoka bara mpaka hapa. Kisiwa kilikuwa cha mkuu mmoja wa watu wa bara. Akaja mgeni kutoka Shirazi, akakinunua kwa nguo za kutosha kukizunguka, akamwoa na binti wa mkuu yule, na mkuu akahamia ng'ambo na watu wake. Baadaye mkuu akajuta. Akakusanya wapiganaji, akangoja maji yapwe avuke aje akichukue kisiwa chake. Yule Mshirazi akaketi na wenzake ufukweni wakasoma Kurani. Walisoma, na maji hayakupwa. Yakapita majira ya kupwa, mkuu amesimama ng'ambo na mikuki yake, na bahari imejaa. Tangu hapo mkondo haujakauka tena.

Baba alipofika hapo aliwaacha wageni wayatazame maji. Hata mimi, mwenye kucheka kila jambo, sikucheka. Lakini niliichukulia kama nilivyochukulia kasa wa birikani, kwamba ni chumvi, ila hii ni chumvi iliyokolea vizuri.

Kabla ya vita vya watu wa bara na Wajerumani, alikuja Mjerumani mmoja wa serikali kutoka boma la Kivinje, ng'ambo bara. Alikuwa kijana mwembamba mwenye miwani. Kiswahili chake kilikuwa sahihi mno, akakisema polepole kama mtu anayetembea na viatu vipya. Nakiri kwamba alikuwa na heshima. Alimwamkia mama, alivua viatu msikitini bila kuambiwa, na wali wa mama aliula kwa mkono. Baba alimpenda. Alimtembeza kote, hata kwenye makaburi ambako hakupeleka kila mtu, na jioni akamkalisha ufukweni na kumpa hadithi ya mkondo. Nilikuwa karibu, nimewaletea madafu.

Yule wa miwani alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza jambo ambalo wageni wengine hawakuwahi kuuliza. "Na kisomo hicho, mzee, ambacho waliisomea bahari, kimepotea?"

Jibu lilikuwa rahisi. Hakuna aliyekijua. Babu hakukijua, wala walimu wa kisiwani hawakukijua. Lakini askari wawili waliokuja na Mzungu walikuwa wamesogea kusikiliza, na majirani nao walikuwapo, na baba yangu hakuwahi kushindwa swali mbele ya watu. Akatabasamu. Akajigusa kifua. "Kisomo hakipotei, Bwana," akasema. "Kipo kwa wenyewe."

Mzungu alipokwisha kuondoka nilimkabili. "Baba, kisomo gani hicho?"

"Mtu katoka Ulaya," akasema. "Nimwache aondoke na hadithi yenye tundu?"

Basi. Alitaka kuziba tundu tu. Mama alimwambia kwamba mdomo wake utamletea balaa, lakini mama alisema hivyo hata baba alipoongeza bei ya samaki wake sokoni, kwa hiyo hatukumjali.

Mvua zikapita, na habari za Umatumbi, huko bara, zikaanza kufika. Kule milimani watu walikuwa wakilazimishwa kulima pamba ya serikali, na asiyelima vizuri alilazwa chini akapigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, mbele ya wanawe. Hayo tulikuwa tukiyajua. Habari mpya ilikuwa ya maji. Ilisemekana kuna dawa ya maji, ambayo mtu akiinywa na kupakwa, risasi ya Mdachi, yaani Mjerumani, inamgeukia maji. Watu walikuwa wakiyafuata mbali na kuyarudisha vijijini kwao kwa vibuyu. Kisha tukasikia pamba imeng'olewa. Kisha tukasikia mji wa Somanga, huku huku pwani, umechomwa moto.

Sisi wa pwani tulikuwa na kiburi, na sioni haya kusema hivyo kwa kuwa bado tunacho. Wengi kisiwani waliwacheka watu wa bara kwa kuamini maji. Lakini nilisikia pia wanaume wakiulizana kwa sauti ndogo kama kuna aliyeonekana kupigwa risasi na akaendelea kutembea. Baba peke yake hakuuliza wala hakucheka. Aliacha kukaa barazani, akawa anashinda ndani. Nilifikiri anaumwa.

Askari walikuja asubuhi. Tuliona mashua yao tangu mbali, na baba naye aliiona. Akamwambia mama amtolee kanzu safi. Nilimwona akivaa kofia yake ya vito iliyodariziwa, ile ya kupokelea wageni, akajipaka mafuta usoni, akatoka kwenda pwani kuwapokea. Alidhani wamemletea mtu wa kutembezwa. Kila nikikumbuka kofia ile, hata sasa, nataka kumpiga mtu.

"Wewe ndiye mwenye kisomo cha maji?" akauliza mkubwa wao.

Baba akaanza kumwambia karibu. Wakamfunga mikono. Wakaingia nyumbani wakatafuta chupa na vibuyu, wakaupata mrashi wa mama wenye marashi ya kunyunyizia wageni, wakauchukua. Mama alijitupa chini mchangani. Mimi niliwafuata mpaka maji yakanifika kiunoni, nikiwatukana, na mmoja wao akaniambia nirudi kabla hajanipakia na mimi.

Siku iyo hiyo nilivuka na mjomba, ndugu yake mama, tukaenda kwa miguu mpaka Kivinje. Mji ule na wenyewe ni wa kutazamwa. Una majumba ya ghorofa, milango ya nakshi, maduka ya Wahindi mstari mzima, na boma limeelekea bahari. Fedha iliyojenga majumba hayo ilitoka kwenye pembe za ndovu na kwenye watu, watu walioletwa kutoka bara wakiwa wamefungwa shingo. Baba hakuwahi kuisimulia hadithi hiyo kwa mgeni. Siku hiyo nilipofika nilikuta watu wa bara wamefungwa shingo tena, mstari kwa mstari, mbele ya boma. Baba yangu alikuwa miongoni mwao na kanzu yake ile safi.

Wafungwa walilishwa na jamaa zao. Tulipanga chumba kwa mwanamke mmoja mjane, na kila siku nilimpelekea baba ugali wa mtama na samaki, na askari wa lango alikula nusu ya samaki. Watu walikuwa wakinyongwa. Maiti ziliachwa juu ili zionekane, na sisi tuliokwenda na vyakula tulipita njia hiyo hiyo, kwa sababu nyingine haikuwapo. Nilikuwa nikitazama chakula changu tu.

Baba alikuwa kwenye mnyororo mmoja na mtu wa Umatumbi, mwanamume wa makamo, mwenye alama za viboko mgongoni zilizokwisha kupona zamani. Huyo alikuwa amekunywa maji, hakukana. Siku ya kwanza baba hakuniuliza habari za mama wala za nyumba. Aliniambia habari za mtu yule.

"Amesikia nimeshitakiwa kwa kisomo," akasema. "Ananiambia, mzee, soma basi. Asubuhi ananiambia, jioni ananiambia."

"Mwambie huna."

"Nimemwambia. Anadhani namnyima."

Mtu yule alikuwa amekaa papo hapo, anasikia. Nilimega ugali nikampa. Akanishukuru, akamgeukia baba akasema kwa upole, kwa matamshi ya kwao, "Hata mimi ningeficha, mzee. Ila sasa tumebaki wangapi wa kufichana?" Baba akaacha kula.

Nilijua ni nani aliyesema habari ya kisomo. Nilikwenda nikasimama mbele ya boma juani, nikamngoja yule wa miwani. Askari walinifukuza, nikazunguka nikarudi. Alipotoka nilimzuia njia.

"Bwana, ulikula kwetu," nikamwambia.

Alinitambua. Uso wake ulibadilika, na hapo nikajua kwamba alikuwa anajua baba yumo ndani tangu mwanzo. Akasema kwamba hakumshitaki mtu. Alikuwa ameisimulia hadithi mezani kwa wenzake, muda mrefu kabla ya vita, kwa sababu aliipenda. Vita vilipoanza na neno la maji likawa kwenye kila kinywa, mkubwa wake alikumbuka kwamba kuna mtu kisiwani anayejua kusomea maji yazuie adui.

"Uliipenda," nikasema. "Uliipenda hadithi, ukamtia mwenyewe kitanzini."

Alivua miwani akaifuta, na haikuwa na uchafu. Nilidhani ataniitia askari. Badala yake aliniambia nirudi kesho, na kesho yake alinipa neno. Baba ataachiwa ikiwa atasimama mbele ya watu wote, kadhi akiwapo, akaapa kwa Msahafu kwamba hadithi ile ni uongo, kwamba hakukuwa na kisomo, wala hakijawahi kuwapo. Alisema hivyo kwa furaha, kama mtu anayekupa zawadi. Na ilikuwa zawadi, siwezi kusema sivyo. Nilimshukuru kwa mikono miwili, nikakimbia langoni.

Baba alisikiliza. Akatazama vidole vyake vya miguu. "Niseme ni uongo wangu mimi, au uongo wote?"

"Wote."

"Mpaka wa babu?"

"Babu amekufa, baba. Wewe bado."

"Na nimwapie Mungu."

Nikapandisha sauti. Nikamwambia kwamba mama hali chakula, kwamba mjomba anazunguka mjini kama kichaa, kwamba amewaambia watu kasa, na waridi, na dhahabu, na hakuona uzito, leo ndio anaona uzito wa kusema neno moja la kweli? Hayo ndiyo maneno yangu, neno moja la kweli. Baba akasema, "Haya."

Ijumaa baada ya sala walipiga tarumbeta, watu wakakusanywa mbele ya boma, wenye maduka, wavuvi, wanawake nyuma. Wafungwa nao waliletwa wakachuchumalishwa mbele. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba kiapo hakikuwa kwa ajili ya baba tu. Wajerumani walitaka watu wa milimani wasikie mwenyewe, mzee wa pwani, mwenye Kitabu, akisema kwamba maji ni maji.

Kadhi aliutoa Msahafu kwenye kitambaa. Baba akaweka mkono. Sauti yake ile ya chini ya kuba, niliyoijua, haikutoka. Ilitoka sauti ya mtu mwingine. "Wallahi, billahi, tallahi. Hadithi ya bahari ya Kisiwani ni uongo. Hakuna kisomo kilichosomwa, na maji hayakumsikia mtu."

Mkubwa wa boma akasema kitu kwa Kijerumani, na yule wa miwani, bila kumtazama baba, akatafsiri. Mzee sasa awaambie hawa kwamba na maji yao ni uongo.

Ilikuwa imebaki sentensi moja tu. Baba akaondoa mkono kwenye Msahafu.

"La kwetu nimeliapia," akasema. "La kwao sikulisimulia mimi."

Sijui yule wa miwani alivyolifikisha jibu hilo. Mkubwa alikuwa amechoka na jua, na wafungwa wengine walikuwa wanangoja hukumu. Akapunga mkono. Wakamfungua baba mnyororo. Mtu wa Umatumbi alikuwa akimtazama muda wote ule. Hakuwa na chuki usoni. Alikuwa na uso wa mtu aliyeambiwa na mwenye duka kwamba chumvi imekwisha, na huku anamwona ameikalia.

Mtu yule alinyongwa siku ya pili yake. Tulipata habari njiani, kwa wachuuzi waliotupita. Baba aliketi kando ya njia mpaka mjomba alipomwinua.

Nyumbani walimpokea kwa vigelegele. Mama alichinja kuku aliyebaki. Mimi nilijiona nimeshinda, na kwa kweli nilikuwa nimeshinda, baba yangu alikuwa hai na wengine wengi hawakuwa hai. Lakini alikuwa hai kwa namna ya ajabu. Hakusema. Msikitini alihama safu yake ya mbele akawa anasali nyuma, karibu na mlango, pamoja na watoto. Watu wa kisiwani walimtania kwamba Wadachi wamemkata ulimi, na mzaha ukaisha wenyewe kwa kuwa haukupata jibu.

Kisha ikaja njaa. Askari walikuwa wamechoma maghala na mashamba huko bara, kijiji kwa kijiji, na waliosalia walishuka pwani. Walikuwa wakichimba ming'oko, viazi vya porini, mpaka ikaisha, wakala mizizi ambayo hata nguruwe huiacha. Tuliwaona ng'ambo, wamekaa ufukweni tu. Kisiwani tulikuwa na samaki na mihogo kidogo. Mama alikuwa na kapu la mpunga mvunguni, mbegu ya msimu, na hatukuruhusiwa hata kuligusa.

Asubuhi moja baba alimkuta mama anachambua dagaa. Nilikuwa pale.

"Nataka upike ule mpunga," akasema. "Nilishe masikini kumi."

Mama hakuinua hata uso. "Masikini kumi? Anza kuwahesabu humu ndani."

"Nina kafara ya kiapo."

Mama aliacha dagaa. Alikuwa binti wa mwalimu wa chuo cha Kurani, sheria aliijua kuliko baba. "Kafara ya kiapo hulipwa na aliyeapa uongo," akasema.

"Najua."

"Wewe uliapa kwamba hadithi ni uongo."

"Najua nilichoapa, mke wangu."

Mama aliketi kwenye mbuzi ya nazi, polepole. Mimi nilibaki nimesimama na ufagio. Miaka yote ile nilijiona hodari, nikihesabu chumvi ya baba, hapa kasa, hapa waridi, na sikujua kwamba chini ya chumvi yote ile kulikuwa na kitu kimoja ambacho mwenyewe alikiamini kama alivyoamini sala. Nami ndiye niliyemwambia aape neno la kweli. Nilimwonea huruma baba yangu mpaka nikashindwa kumtazama.

"Funga siku tatu," mama akasema. Sauti yake ilikuwa imelegea. "Sheria inaruhusu. Ile ni mbegu."

"Kufunga ni kwa asiyenacho. Mpunga upo mvunguni."

Mama alilia, akamwita mjinga, akamwambia kwamba tutakula michanga mwaka ujao. Kisha akaburuta kapu akaanza kutwanga. Tulipokezana mchi.

Baba alivuka mwenyewe kwenda ng'ambo. Watu wale wale ambao, kwa hadithi yetu, bahari ilijaa ili wasivuke, aliwapakia kwenye mtumbwi kwa mafungu akawavusha. Majirani walinung'unika kwamba anatuletea wenye vita. Walikuwa wanawake na wazee. Hakukuwa na mwanamume hata mmoja wa umri wa kushika jembe.

Walikaa uani kwetu, tukawatandikia mikeka yangu, tukawapakulia. Walikula bila haraka, jambo lililonishangaza, mpaka nikaona kwamba wanaogopa matumbo yao. Mwanamke mmoja, rika langu, aliyejifunga gunia kwa kukosa nguo, alimwuliza baba sadaka hii ni ya maiti gani.

"Si ya maiti," baba akasema. "Niliapa uongo. Ninalipa."

"Uliapa nini, mzee?"

Sikutegemea kwamba atamjibu. Lakini baba alichuchumaa mbele yake akamsimulia. Hakutia chumvi hata chembe. Alisema habari za mkuu wa bara na wapiganaji wake, na kisomo, na bahari iliyokataa kupwa, kisha boma la Kivinje na Msahafu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu kurudi kwake kusikia sauti yake ile.

"Kwa hiyo ni kweli," mwanamke akasema.

"Kwangu mimi ni kweli."

Alitafuna tonge lake akalimeza. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia, hakuwa anamsuta. "Basi kwa nini bahari yenu iliwasikia ninyi, na maji yetu hayakutusikia sisi? Mume wangu aliyanywa kwa moyo mmoja. Na ndugu zangu wawili. Hawakuwa watu wa mzaha."

Baba yangu, aliyekuwa na jibu kwa Mwarabu na kwa Mhindi na kwa Mdachi, aliutazama mkondo. "Sijui, mwanangu," akasema.

Mwanamke akatikisa kichwa kukubali, akaendelea kula. Alipomaliza alikomba sahani kwa kidole, akanong'ona kwa mama kama kuna ukoko, kwa kuwa ameacha mtoto ng'ambo kwa bibi yake. Mama aliinama juu ya chungu akaukwangua wote, akaufunga kwenye jani la mgomba akamkabidhi. Ukoko ule ndio tuliokuwa tumejiwekea sisi wa nyumbani kwa chakula cha jioni.